Mbeba Mifuko Alinifungua Macho



Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Apitapo hapotei machoni pa watu. Mwezi uliopita kuku huyo nilikuwa mimi. Palikuwa na mchezo wa gofu wa hisani katika klabu moja ya hapa Dar es Salaam, na fedha zitakazopatikana zilikuwa za kuwasaidia watoto wa shule. Mimi, karani wa parokia huku pembeni mwa Temeke, nilitumwa kwenda kuandika majina ya watoaji. Basi nikavaa shati lenye kola, nikapiga viatu rangi, nikapanda daladala mbili, nikafika langoni asubuhi na mapema.

Nitasema kweli: nilikwenda na moyo mgumu. Mdogo wangu wa tumbo moja anafanya kazi katika klabu ile ile. Yeye ni kedi, yaani mtu anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo zake. Huu ni mwaka wa sita. Mama yetu kijijini akiulizwa kazi ya mwanawe hujibu tu, “Yuko mjini,” kisha hubadili mazungumzo. Nami niliyesoma chuo cha ualimu nimekuwa nikimwuliza kila anapokuja kututembelea, “Utabeba mizigo ya watu mpaka lini?” Naye huinamisha kichwa, akacheka kidogo, akanyamaza.

Nilipofika wageni walikuwa bado. Nikasimama barazani nikatazama. Niliona majani mafupi, majani marefu, miti, bendera ndogo mbali kule, na karibu na bendera shimo pana la mchanga mweupe. Nikasema moyoni: ardhi hii yote, ekari 100 na zaidi, wala hakuna hindi moja lililopandwa, wala mbuzi mmoja anayelishwa!

Mdogo wangu akaja na sare yake.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Ndiyo hii mnayoitunza?”

“Ndiyo hii. Umeiona?”

“Naiona.”

“Hujaiona bado, kaka. Njoo, tuna nafasi kabla wenyewe hawajafika.”

Nilidhani atanipeleka pale mchezo unapoanzia. La, alinipeleka pale unapoishia, kwenye bendera. Mahali hapo huitwa grini. Majani yake hukatwa mafupi mno, laini kama mkeka mpya. Alinionya nisiburute miguu. Katikati palikuwa na tundu dogo ambalo upana wake ni milimita 108, kiasi cha kikombe kikubwa cha chai. Kipimo hicho kiliwekwa mwaka 1891, nacho ni kimoja duniani kote. Mchezaji huanza mbali, pengine mita 400, akipiga kimpira kidogo kuliko yai la kuku, mpaka kiingie humo. Kila shimo lina hesabu yake, mikwaju 3, 4 au 5. Na kiwanja cha mashimo 18 mara nyingi hesabu yake yote ni mikwaju 70 mpaka 72.

“Kaka,” akaniuliza, “debe la maji likimwagwa hapa, maji yatakwenda wapi?”

Swali hilo mtoto wa mkulima hashindwi. Nilichuchumaa, nikatazama, nikasema yatakwenda kushoto, halafu yatateremka kule kwenye mti.

“Basi na mpira utakwenda huko huko. Umeanza kusoma kiwanja.”

Kisha akanigeuza nitazame tulikotoka. Ndipo nilipostaajabu. Ule mtego wa mchanga ambao kutoka barazani niliuona umegusana na grini, kumbe ulikuwa mbali nayo. Nilihesabu hatua, zikawa 25. Katikati palikuwa na bonde dogo la majani ambalo mtu aliye mbali halioni kabisa. Mchezaji asiyejua huona mchanga na bendera vimekaa pamoja, akaogopa, akapiga kwa nguvu mno, mpira ukapita nyuma. Anayejua huuangusha mpira wake polepole katika bonde lile.

“Nani aliyenidanganya macho?” nikauliza.

“Aliyekichora kiwanja,” akajibu. “Hakuna kitu hapa kilichowekwa bure.”

Niliporudi nyumbani nilitafuta habari za wachoraji hao. Zamani hawakuwako. Kule St Andrews, Scotland, watu walicheza gofu kwenye mchanga wa pwani jinsi Mungu alivyouumba, na mwaka 1764 ndipo mzunguko wao wa mashimo 22 ulipopunguzwa ukawa 18, hesabu inayofuatwa leo. Baadaye wakatokea watu ambao kazi yao ni kupanga ardhi kwa ajili ya mchezo. Mmoja aliyesifiwa sana ni daktari wa Uingereza, Alister MacKenzie. Daktari huyu alikuwa Afrika Kusini wakati wa vita vya Makaburu, vya mwaka 1899 mpaka 1902. Aliona jinsi Makaburu walivyochimba mahandaki yao yakafanana na ardhi, hata adui asiyaone. Aliporudi kwao aliitumia elimu hiyo katika viwanja, na mwaka 1920 akatoa kitabu. Alifundisha kwamba kazi ya mkono wa mtu yapasa ifanane na maumbile, hata mgeni asijue lipi limechimbwa na lipi lilikuwapo. Kiwanja cha Augusta huko Marekani, alichokipanga pamoja na mchezaji Bobby Jones, kilifunguliwa mwaka 1933. Mashindano yake makubwa yalianza Machi 1934, lakini daktari alikuwa amekwisha kufa mwezi Januari.

Tusidhani elimu hiyo ya kuisoma ardhi ni ya Wazungu peke yao. Hapa jijini, upande wa Kinondoni, kuna kiwanja cha gofu cha Jeshi letu la Wananchi kiitwacho Lugalo. Lugalo ni jina la mahali katika nchi ya Wahehe, karibu na Iringa. Huko, tarehe 17 Agosti 1891, askari wa Mkwawa walijificha ndani ya vichaka na nyuma ya mawe, wakaushinda msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Zelewski, naye akauawa. Wahehe walijua ni wapi ardhi yao inaficha na ni wapi inafunua. Mchoraji wa kiwanja naye yampasa ajue hayo hayo, ila yeye hutafuta mchezo, wala si damu ya mtu.

Sasa, ndugu msomaji, huenda siku moja ukaalikwa mahali kama pale kwa arusi ya mwajiri wa mwanao, au kwa mchezo wa hisani kama mimi. Usikae kitini ukahesabu magari ya watu. Tazama mambo haya manne.

Kwanza, anza kwenye bendera ukatazame nyuma, maana ndivyo mchoraji anavyokusudia: kwanza huchagua mwisho, kisha hufikiri njia ya kuufikia.

Pili, fuata maji. Tazama mvua ikinyesha itapita wapi. Kiwanja kilichopangwa vema hukauka upesi, na mifereji yake huioni. Sisi tunaolima kwa matuta kwenye miteremko tuna haki ya kuisifu kazi hiyo au kuitoa kasoro.

Tatu, ukiona mtego wa mchanga, uulize: unamzuia nani? Mtego mzuri hauwekwi ili kumtesa kila mtu. Humwekea mchezaji mwenye nguvu swali: utathubutu kupita juu yangu ufike mapema, au utazunguka?

Nne, itafute njia ya mnyonge. Jambo hili ndilo lililonigusa zaidi. Mdogo wangu alinionyesha njia moja iliyopinda kama kiwiko cha mkono. Kijana hodari aweza kuikata kona juu ya miti, akashinda mkwaju mmoja au akapotea msituni. Lakini mzee, au mtu aliyeanza jana, ameachiwa majani mapana upande wa pili. Atazunguka, atatumia mkwaju mmoja zaidi, lakini atafika. Daktari MacKenzie naye aliyafundisha hayo, kwamba hata anayeanza yampasa aufurahie mchezo. Kiwanja kisicho na njia ya mnyonge ni kibaya, hata kama majani yake yanang’aa.

Wala adabu usiisahau. Mtu anapojiandaa kupiga, simama kimya, na simu yako iwe kimya. Usikanyage mstari ulio kati ya mpira wake na tundu. Ukiingia mchangani, futa nyayo zako kwa reki iliyowekwa hapo. Usimcheke anayekosa.

Tusiwasahau pia wale wasioandikwa katika vitabu. Mchoraji huchora mara moja akaondoka. Kiwanja huishi kwa mikono ya watu wa kila siku. Katika viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki, kwa sababu ya uhaba wa maji, grini hazikuwa za majani, bali za mchanga uliochanganywa na mafuta, zikaitwa brauni. Kila wachezaji walipopita ilibidi mtu afute nyayo na kulaza mchanga upya. Wakati wa ukoloni klabu hizo zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi tu: kukata majani, kumwagilia, kubeba mfuko. Walakini akiwa na mfuko begani alitazama, akajifunza. Wachezaji wengi wa gofu wa kulipwa wa nchi zetu hizi walianza kwa kubeba mifuko.

Najua wako watakaoniuliza: je, ni haki ardhi na maji mengi kiasi hicho yatumike kwa mchezo, na watoto wa Mbagala na Tandika wanacheza mpira barabarani? Swali hilo ni la haki, nami sitalifunika kwa majani mazuri. Kiwanja kinachonyweshwa maji ya bomba wakati majirani wanabeba ndoo kina deni kwa majirani hao. Lakini anayetaka kuhukumu shamba alitembee kwanza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhukumu shamba, na mtu wa shamba pia, nikiwa nimesimama barazani.

Maana sikilizeni yaliyotokea mchana. Mchezo ulipoanza niliruhusiwa kufuata kundi moja kwa miguu. Mdogo wangu alikuwa amembebea mfuko mzee mmoja mwenye mvi, mtu mwenye mali, ambaye wengine walimpisha kila alipopita. Tulipofika kwenye grini ile ile ya asubuhi, mpira wa mzee ulikuwa mbali na tundu, hatua kama 15. Aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. Kisha mbele ya watu wote akageuka kwa mdogo wangu.

“Kijana, unaonaje?”

“Mzee, usiitazame bendera. Piga kulia, hatua mbili kamili, polepole. Ardhi yenyewe itauleta.”

Mimi niliyekuwa nimechuchumaa hapo asubuhi nilijua maji yangekwenda kushoto, lakini hatua mbili niliona ni nyingi mno. Nikaogopa kwamba mdogo wangu ataaibika. Mzee hakubisha. Alipiga kulia kama alivyoambiwa, mahali pasipo na kitu. Mpira ukaenda kama uliopotea, ukapunguza mwendo, ukageuka kushoto, ukateremka taratibu, ukaingia tunduni. Watu wakapiga makofi. Mzee akampa mkono mdogo wangu. Yeye aliinamisha kichwa, akacheka kidogo, akanyamaza, vile vile anavyofanya nyumbani ninapomkaripia.

Miaka sita nimeona mfuko tu begani pake. Sikuwahi kumwuliza anajua nini.

Jioni tulirudi pamoja kwa daladala. Nikamwambia, “Mdogo wangu, lile neno la mizigo ya watu, nilikukosea. Unisamehe.” Akasema, “Yamekwisha, kaka,” akanionyesha kilima cha barabara ya mtaani kwetu na jinsi mvua ijayo itakavyoingia katika nyumba ya jirani yetu kama mfereji hautazibuliwa. Juma lililofuata tuliuzibua.

Nilimpigia mama simu. Nilimwambia, “Mama, wakikuuliza kazi ya mwanao, waambie anasoma ardhi, na wakubwa wanamwuliza shauri.” Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Babu yenu ndivyo alivyokuwa. Kijiji hakikuchimba kisima bila yeye.”

Basi, wazazi mlioko vijijini, mkiwa na mtoto mjini ambaye kazi yake mnaona haya kuitaja, msimwulize kwanza anapata shilingi ngapi. Mwulizeni, “Umejifunza nini huko?” Halafu mpeni nafasi ya kujibu.

Haya, kwa herini mpaka juma lijalo.