Sinema na Jamaa: Nani alisema mtoto huyu ni mchawi?



Wakati wa jioni, pale umeme unapokubali kukaa, jamaa nyingi za miji yetu hukusanyika mbele ya televisheni. Baba ametoka kazini, mama amemaliza kupika, watoto wameketi chini, na jirani asiye na chombo amekuja na kiti chake. Habari za Serikali husikilizwa nusu. Lakini mchezo unapoanza, wote hunyamaza. Mchezo huo twaujua, hata majina yakibadilika. Nyumba ilikuwa na amani. Halafu baba anapoteza kazi, mimba ya mama inatoka, kijana anaanguka katika mtihani. Mchungaji anaitwa, anaomba, anafunuliwa. Kisha kidole chanyoshwa kwa mtu mmoja wa nyumbani mle: mara bibi mzee, mara shangazi asiyezaa, na mara nyingi mno ni mtoto, hasa yule yatima aliyeletwa baada ya mazishi ya mama yake.

Wako wanaotaka tuwaambie wazazi: Zimeni chombo, yamekwisha. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni dawa. Leo mchezo uleule umo katika simu ya kijana, naye baba hataweza kuzima simu zote za mtaa. Ni afadhali kujua jinsi kitu hicho kinavyotengenezwa. Mtu aliyeona fundi akipiga seremala meza hawezi kudanganywa kwamba meza ilianguka kutoka mbinguni.

Eklezya yenyewe haikuanza jana kufikiri jambo hili. Papa Pio wa XI aliandika juu ya sinema katika barua yake Vigilanti Cura, tarehe 29 Juni 1936. Papa Pio wa XII akaandika tena tarehe 8 Septemba 1957, barua iitwayo Miranda Prorsus, juu ya sinema, redio na televisheni pamoja, naye aliomba watazamaji wafundishwe kutazama. Mwaka uliofuata, 1958, alimweka Santa Klara wa Assisi awe msimamizi wa televisheni, kwa kuwa inasimuliwa kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, aliona na kusikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye. (Twapenda kudhani kwamba yeye ndiye mtazamaji wa kwanza, na kwamba hakuna aliyemkatia picha yake.)

Neno hilo, kukata picha, ndilo twataka kulieleza.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, alikuwako huko mtu aitwaye Lev Kuleshov, mwalimu wa sinema. Yasimuliwa kwamba alichukua uso wa mchezaji mmoja mashuhuri, Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia, usiocheka wala kulia. Akauunganisha na picha ya sahani ya supu. Kisha uso uleule na picha ya maiti katika jeneza. Kisha uso uleule na picha ya mwanamke. Watu walioonyeshwa wakasifu ustadi wa mchezaji: jinsi alivyotamani chakula, jinsi alivyohuzunika mbele ya maiti, jinsi alivyompenda mwanamke. Kumbe uso haukubadilika hata kidogo. Maana haikutoka usoni, ilitoka katika kile kilichowekwa kandokando ya uso.

Sasa rudini kwenye mchezo wetu wa jioni. Mtoto wa miaka 8 ameketi mezani, anakula ugali wake. Anainua macho. Picha inakatwa: baba ashika kifua, aanguka. Picha inarudi kwa mtoto: bado anatazama. Hapo ngurumo inasikika, na kinanda kinavuta sauti nzito ya kutisha. Wote chumbani husema: Ni yeye! Lakini ulizeni: mtoto amefanya nini? Ameinua macho. Pengine mwenye kamera alimwambia, "Tazama huku." Basi. Aliyemshtaki ni mkasi pamoja na kinanda.

Tulijaribu jambo hili na wanafunzi wetu wa darasa la sita. Tuliwaonyesha kipande kimoja cha mchezo wa namna hiyo mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti yote: wasichana wawili walifunika macho, na mvulana mmoja alisema kwamba katika mtaa wake yuko mtoto mwenye macho kama yale. Mara ya pili tulizima sauti kabisa. Darasa likacheka. Waliona mtoto anayetafuna, na mtu mzima anayejitupa juu ya kiti kwa uangalifu asijiumize. Mvulana yule hakucheka. Alikaa akifikiri, nasi hatukumwuliza neno.

Michezo hii ilitoka wapi? Katika Kasai, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alitengeneza filamu fupi za kuchekesha juu ya watu wawili, Matamata na Pilipili. Zilikuwa filamu za wakati wa ukoloni, nazo zilimtazama Mwafrika kwa macho ya mkoloni. Twaweza kulisema bila kuficha, hata kama wazee wengine wangali wanacheka wakizikumbuka. Baada ya televisheni kuanza kwetu mwaka 1966, watu wenyewe walianza kujiigiza. Kinshasa lilijulikana kundi la Salongo, kwa Kilingala. Kwetu sisi wenye Kiswahili, Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, lililosikika redioni na kuonekana katika televisheni. Hawakuandika maneno yao. Walikaa, walibishana juu ya kisa, walikijaribu, kisha walikicheza kwa Kiswahili kile kinachosemwa sokoni. Mwaka 1986 walitunga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja tu, kwamba ukubwa huliwa mzima, haugawanywi. Mtaalamu Johannes Fabian aliifuata kazi hiyo hatua kwa hatua na kuieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Ona jambo ambalo kundi lile lilipenda kulitafakari: chifu, ukubwa, tamaa ya wakubwa, ugomvi wa wanakijiji.

Baada ya mwaka 1990, chama kimoja kilipokoma kutawala peke yake, vituo vya watu binafsi na vya makanisa ya uamsho vilizaliwa kwa wingi. Wakati uleule filamu za Nigeria zilianza kusafiri. Ile inayohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara hiyo kubwa ni Living in Bondage, ya mwaka 1992, iliyochezwa kwa Kiigbo. Aliyeitoa, Kenneth Nnebue, alikuwa mfanyabiashara wa kanda tupu za video, naye aliona kwamba kanda yenye kisa ndani hununuliwa upesi kuliko kanda tupu. Kisa chenyewe: mtu anamtoa mke wake sadaka apate utajiri, kisha mzimu wa mke unamwandama. Filamu kama hizo zilionyeshwa Kinshasa, na watunzi wetu wakajifunza kwazo.

Bibi Katrien Pype, mtaalamu wa Ubelgiji, alikaa Kinshasa kati ya mwaka 2003 na 2006 na kundi moja la wachezaji wa televisheni, na mwaka 2012 alitoa kitabu kikubwa juu yao. Aeleza kwamba wachezaji hao hawakuiona kazi yao kuwa mchezo tu. Kwao ilikuwa mahubiri, vita ya Mungu na Shetani ikionyeshwa sebuleni. Waliomba kabla ya kupiga picha, kwa maana aliyecheza mchawi aliogopa asije akapatwa na kile alichokiiga. Tusiwacheke. Ni watu wenye imani, wengi maskini, na katika michezo yao yamo mambo ya kweli: mume anayekula mshahara kwa kimada, mjomba anayemfukuza mjane, msichana anayedanganywa na mwenye gari.

Walakini tuna neno letu juu ya jinsi michezo hiyo ilivyojengwa, nalo latoka katika mfuko wa fedha zaidi ya katika imani. Kundi maskini halina fedha za kujenga kiwanda, wala bunge, wala ofisi ya mkubwa. Lina sebule moja iliyoazimwa, viti vinne na pazia. Kwa hiyo kisa chote lazima kitokee sebuleni, na adui lazima awe mtu awezaye kuketi sebuleni. Tena mchezo lazima uishe kwa ushindi, watu walale salama. Sababu halisi za baba kupoteza kazi, yaani kampuni iliyofilisika, mshahara usiolipwa miezi sita, barabara iliyokufa, vita iliyofunga shamba, haziwezi kupigishwa magoti mbele ya mchungaji na kuungama kwa kulia. Mtoto aweza. Yeye ni mdogo, anapatikana, hana wa kumtetea, na machozi yake yanaonekana vizuri katika kamera. Ndiyo maana twasema kwamba katika michezo hiyo mtoto hachaguliwi kwa sababu ya ubaya wake. Anachaguliwa kwa kuwa ni rahisi.

Nje ya televisheni neno hilo halina mchezo. Mwezi wa Aprili 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa njiani wa nchi yetu, na humo limeandikwa jinsi watoto walivyotajwa wachawi, wakapigwa, wakanyimwa chakula wakati wa kuombewa, wakafukuzwa. Mara nyingi walikuwa yatima, au watoto wa mke wa kwanza, au wenye kifafa, au wenye kukojoa kitandani. Hatusemi kwamba televisheni ndiyo iliyozaa jambo hili. Vita na njaa na vifo vilitangulia. Lakini mchezo wa jioni uliwapa watu njia iliyonyoshwa tayari: ukipatwa na msiba, fanya hivi, mwite huyu, mtafute yule.

Rachel Mwanza alikuwa mmoja wa watoto hao wa Kinshasa. Alitajwa mchawi, akatolewa nyumbani, akaishi njiani. Kisha watu wa sinema walimwona. Katika filamu Rebelle ya Kim Nguyen, iliyopigwa Kongo, alicheza msichana aliyetekwa na waasi, na mwaka 2012 huko Berlin alipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mchezaji bora wa kike. Baadaye alisimulia maisha yake katika kitabu. Uso uleule! Katika sebule moja waliona mchawi. Berlin walisimama wakapiga makofi. Nasi twawafikiria wenzake wa usiku wa njiani ambao hakuna kamera iliyopita karibu nao.

Yafaa wazazi wajue pia sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto yarudia katazo hilo na kuweka adhabu ya kifungo na faini. Basi mchungaji, mjomba au jirani anayemwita mtoto mchawi anavunja sheria ya nchi, hata akisema ameonyeshwa katika ndoto. Nasi Wakatoliki tuna kanuni ya 1172 ya sheria ya Eklezya: hakuna awezaye kufukuza pepo kwa halali bila ruhusa ya pekee ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri tu, mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Hatusemi kwamba Shetani hayuko. Twasema kwamba Eklezya, iliyo na miaka karibu 2000 ya kumjua, haiamui mambo yake kwa dakika 40 kati ya tangazo la sabuni na tangazo la bia.

Wazazi wengine wametuuliza: Basi tufanye nini jioni? Ketini pamoja na watoto, msiwaache peke yao na chombo. Ngurumo inapoanza, zimeni sauti kidogo, mwulize mdogo kuliko wote: Unaona nini? Atajibu yale ayaonayo. Mtoto katika mchezo akitajwa mchawi, baba aseme kwa sauti, wote wasikie, hasa kama mna yatima nyumbani: Katika nyumba hii neno hilo halitasemwa kwa mtoto yeyote. Yule yatima atakuwa ameketi nyuma karibu na mlango, kama kawaida yake. Mwiteni akae mbele.

Na mkisikia kwamba mtoto wa jirani amefungiwa ndani asile mpaka aungame, msingoje mchezo uishe. Nendeni usiku uleule pamoja na mkubwa wa shirika la mtaa wenu, mwombe mtoto alale kwenu, na asubuhi mpeleke habari kwa padri wa parokia na kwa polisi wa kulinda watoto.

Juma lijalo tutasema juu ya matangazo ya dawa yanayopita katikati ya michezo hiyo, zile chupa ndogo zinazoponya magonjwa 30.