Jahazi la Angani Ndani ya Kompyuta

Ukipita Bandari ya Kale hapa Mombasa, waulize wazee habari za majahazi ya kaskazi. Nahodha alileta tende na mazulia, akarudi na boriti za mikoko. Basi mchezo wa kompyuta uitwao Elite ni biashara iyo hiyo, ila bahari yake ni anga. Wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, waliutoa mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Humo wakatia sayari 2,048!

Leo mwanao atapata Oolite, uliotungwa kwa kuuiga, bila malipo. Kwenye Windows bonyeza faili mara mbili, ufuate maagizo. Kwenye Linux ipe faili kwanza ruhusa ya kuendeshwa. Wengi hukwama hapo.

Unaanzia sayari ya Lave, ya wakulima, na pesa 100. Nunua chakula, ukauze Zaonce kwenye viwanda, urudi na mashine. Kuegesha chombo kituoni kutakutoa jasho, nakuambia.

Lakini mzazi, itazame orodha ya bidhaa. Humo mna watumwa. Kuwabeba ni haramu na polisi watakuandama, ila faida inavuta. Mtoto akiuliza, usimnyamazishe. Mvushe daraja la Nyali hadi Kengeleni, umwonyeshe kengele ya Frere Town, walikokalishwa waliokombolewa tangu 1875. Kisha mrudishe kwenye mchezo wake, shehena achague mwenyewe.