Wimbo ni mlango: unawaingiza wapi vijana wetu?



Tangu mji wa Goma uingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mambo mengi katika makanisa yetu yamesimama. Benki zilifungwa, safari zikawa ngumu, jamaa nyingi zikakimbia, sadaka zikapungua. Lakini kuna kazi moja ambayo haikusimama: kuimba. Parokia inaweza kukosa viti, kukosa mabati, hata kukosa mchungaji kwa muda, kwaya inaendelea. Wakimbizi wa vita wakifika mahali, hawajapata hata turubai la kutosha, na jioni unasikia wanaimba. Kijana anayekataa kuja kusikiliza mahubiri anakubali kuja kwenye mazoezi ya kwaya.

Kiu hiyo si ya mashariki peke yake. Tarehe 27 Julai 2024, Stade des Martyrs ya Kinshasa ilijaa kupita kiasi kwa ajili ya tamasha la mwimbaji wa injili Mike Kalambay, na watu wasiopungua 7 walikufa katika msongamano. Tuliwalilia. Lakini msiba ule ulituonyesha pia jambo lingine: watu wa nchi hii wanamtafuta Mungu kwa njia ya wimbo, na wanamtafuta kwa nguvu zote.

Basi, wimbo ni mlango wa imani kwa watu wengi kuliko mimbari. Swali ni hili: mtu akiisha kupita katika mlango huo, anajikuta wapi? Katika hali ya vita tuliyo nayo, jibu la swali hilo linaweza kuokoa watu au kuangamiza watu.

Tusome tena Matendo ya Mitume sura ya 16, kuanzia mstari wa 25. Paulo na Sila wamepigwa fimbo, miguu yao imebanwa katika mti, na usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu. Wafungwa wengine wanasikiliza. Tetemeko linakuja, milango inafunguka, na mlinzi wa gereza anataka kujiua. Tunapenda kuhubiri tetemeko, na mara nyingi tunafunga Biblia pale. Lakini Luka anaendelea, na anatuonyesha mambo matatu.

La kwanza, wimbo uliwavuta watu kusikia, lakini haukumaliza kazi. Mlinzi aliuliza afanye nini apate kuokoka, na mstari wa 32 unasema kwamba walimwambia neno la Bwana, yeye na wote wa nyumba yake. Baada ya wimbo kulikuwa na mafundisho, kisha ubatizo. La pili, Luka anasema walimwimbia Mungu. Hasemi kwamba waliimba juu ya mlinzi ili apatwe na mabaya. La tatu, na hili ndilo kubwa: mtu wa kwanza kuokoka usiku ule ni yuleyule aliyewafunga miguu. Paulo alipaza sauti kumzuia asijidhuru. Saa ileile ya usiku mtu huyo aliwaosha majeraha yao, akawaandalia chakula nyumbani kwake. Wimbo wa gerezani uliacha mlango wazi hata kwa adui.

Nchi zetu za Maziwa Makuu zimekwisha kuona wimbo wa namna hiyo. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ulifika Burundi, Tanzania, Kenya na huku kwetu Kongo. Ulitembea kwa ushuhuda na kwa wimbo. Mtu alisimama, akaungama dhambi zake waziwazi, na ndugu wakamjibu kwa kiitikio cha Kiganda, Tukutendereza Yesu. Wasiojua Kiganda waliimba vilevile, Mnyarwanda karibu na Mganda, Mzungu mmisionari karibu na mpishi wake. Wimbo ule ulimpeleka mtu mahali pamoja tu: msalabani, penye damu ya Yesu na toba yake mwenyewe.

Matunda yake yalionekana wakati wa hatari. Katika Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wengi wa ndugu wa uamsho kati ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na walikataa pia kubeba bunduki upande wa serikali ya wakoloni. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Kwa miaka walikuwa wameimba kwamba damu iliyomwagika msalabani inatosha. Walipoambiwa kumwaga nyingine, hawakuweza.

Sasa tuangalie nyimbo zinazoimbwa leo katika makanisa mengi na zinazozunguka kwenye simu za vijana. Nyingi ni nzuri. Lakini sehemu kubwa imejaa maneno mawili: baraka yangu na adui yangu. Nitainuliwa, adui ataaibika. Nitapita, adui ataanguka. Mji ulio mbali na vita ukiimba hivyo, msikilizaji anamfikiria mchawi, jirani mwenye wivu, au mkubwa wa kazi. Jambo hilo peke yake linahitaji mafundisho. Lakini katika Kivu na Ituri, neno adui lina lugha yake, lina kijiji chake, lina sura na pua. Kijana wa miaka 17, ambaye rafiki zake wamekwisha kuingia katika kundi la silaha, akiimba kwa saa nzima, kwa ngoma na kwa machozi, kwamba adui yake aangamie, hahitaji mtu kumfasiria. Anajua anamwimba nani. Na kwa kuwa aliimba ndani ya kanisa, anadhani Mungu ametia sahihi.

Historia ya karibu inatuonya. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mwenye sifa kubwa Rwanda. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Alihukumiwa kwa maneno aliyosema kwa kipaza sauti barabarani katika eneo la Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma, Juni 1994. Lakini mahakama iliona pia kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitumiwa mwaka ule katika propaganda ya kuwachochea watu waue. Hazikuwa nyimbo za kanisa. Hata hivyo, wengi waliozisikia walikuwa watu waliobatizwa. Moyo hauna chumba cha nyimbo za Jumapili na kingine cha nyimbo za siku za kazi.

Mtu atasema: Mchungaji, hata Zaburi zinaimba juu ya adui. Ni kweli, na hatuwezi kuzifuta. Wapo kati yetu waliozika watu wao bila kuona miili. Tarehe 15 Januari 2023, huko Kasindi, bomu lililipuka kanisani siku ya ubatizo. Julai 2025, huko Komanda, watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao waamini waliokuwa katika mkesha wa maombi wa kanisa Katoliki. Nani atamwambia mama wa Komanda asilie? Lakini tuone Zaburi zinavyofanya. Zinaipeleka hasira mbele za Mungu na kuiacha pale. Zaburi ya 137 inatisha, lakini imeanza kwa machozi kando ya mito, na inalipeleka neno lake gumu kwa Bwana. Paulo anatuambia katika Warumi 12 kwamba kisasi ni cha Mungu. Wimbo wa maombolezo unasema: Bwana, angalia waliyotutenda. Wimbo wa kisasi unasema: Bwana, nibariki niende nikawatende. Wa kwanza tumeusahau. Wa pili una vipaza sauti vikubwa.

Hapa kuna mpasuko katika kazi yetu. Mwanzoni mwa 2025 viongozi wa ECC na wa CENCO walianzisha Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya Amani. Walizunguka kukutana na pande zote, na Februari walifika Goma kuongea na M23. Wengine waliwasifu, wengine waliwalaumu. Lakini kazi yao itakuwa na mizizi gani kama wakubwa wanaongea amani mezani, na Jumapili kwaya ya parokia inafundisha watoto jambo lingine? Mapatano yanasomwa na wachache. Wimbo unashikwa na wote, hata na mtoto asiyejua kusoma.

Kwa hiyo, ndugu wachungaji, washemasi na viongozi wa kwaya, nashauri mambo manne ambayo hayahitaji pesa.

Kwanza, kabla wimbo mpya haujaimbwa ibadani, usomwe kwa sauti bila kinanda na bila ngoma, mchungaji akiwapo. Tuulize: Yesu ametajwa kwa kazi gani? Msalaba upo? Toba ipo? Adui ni nani hapa? Paulo aliwaambia Wakolosai (3:16) kwamba kuimba ni kufundishana. Anayechunguza mahubiri achunguze na wimbo.

Pili, kijana anayeingia kwaya aingie pia darasa la ubatizo au la Biblia, kabla ya kupewa sare. Kupanga sauti vizuri si kuokoka. Mlinzi wa gereza alihitaji mtu wa kumwambia neno. Mwanakwaya naye anahitaji.

Tatu, tuwape watunzi wetu kazi ya kutunga maombolezo: kwa waliouawa, kwa wanawake waliotendewa jeuri, kwa vijiji vilivyochomwa. Kilio kisipopata wimbo kanisani, kitaupata porini.

Nne, mahali ambapo kabila mbili zinaabudu pamoja, kila moja ijifunze wimbo katika lugha ya nyingine. Ni jambo dogo, na katika sehemu nyingine leo linahitaji ujasiri. Lakini ni vigumu kumchukia mtu aliyekufundisha namna ya kutamka jina la Yesu katika lugha ya mama yake.

Wapendwa, vijana wataendelea kuja kwa sababu ya wimbo, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Akija yule ambaye jana alibeba silaha, au ndugu wa yule aliyetuchomea nyumba, akisimama nje ya dirisha kusikiliza, asikie kwamba kuna nafasi yake pia chini ya msalaba. Na tuwe tayari kumfungulia. Bwana awalinde.