Bima ya mjengo tayari inalipwa, swali ni nani anayeilipa

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza niliyopata Nakuru ilikuwa mjengo. Hendimani wa siku kwa siku, upande wa Kiamunyi. Saa moja asubuhi mnasimama getini, foromani anawaangalia, kisha ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Hakuna anayeuliza jina lako la pili. Jioni unapewa pesa yako, mnaachana.

Wiki ya tatu, mbao ya jukwaa ilivunjika na jamaa tuliyekuwa tukikoroga simiti pamoja akaanguka kutoka orofa ya kwanza. Mguu ulivunjika mahali pawili. Kontrakta wetu hakuwa mtu mbaya. Alimbeba kwa pikapu yake hadi hospitali, akaacha elfu tano, akarudi. Siku chache baadaye tukaongezwa kwenye grupu ya WhatsApp yenye picha ya mguu uliofungwa plasta na namba ya M-Pesa. Mimi nilituma mia mbili. Mamake aliuza ng'ombe. Jamaa alikaa nyumbani miezi saba bila mshahara.

Basi nikisikia watu wakibishana kama kontrakta wadogo wanafaa kuwa na bima ya wafanyakazi, naona kama swali limeulizwa vibaya. Bima ile ililipwa. Tuliilipa sisi watu wa mkono, mia mbili mia mbili, na mama mmoja na ng'ombe wake.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria, kwa sababu wengi hudhani hii ni hiari. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ilipitishwa mwaka wa 2007 na kuanza kutumika Juni 2008. Mjengoni na ofisini inaitwa tu WIBA. Kifungu cha 7 kinasema kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Hakisemi kila mwajiri mkubwa. Asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi miezi 3, au vyote viwili.

Sasa angalia kile jamaa wetu alikosa. Sheria inasema mwajiri agharamie matibabu. Aliyeumia akishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, aendelee kulipwa mapato yake hadi miezi 12. Akibaki na ulemavu wa kudumu, fidia inapigwa kwa hesabu ya mapato ya miezi 96, kulingana na kiwango cha ulemavu, na kuna mipaka ya chini na ya juu. Tuseme hendimani anapata Sh600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh15,600. Mara 96 inafika Sh1,497,600. Daktari akisema ulemavu ni asilimia 20, inakuja karibu Sh300,000. Na hahitaji kuthibitisha kwamba kontrakta alizembea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini, mradi hakujiumiza kwa makusudi.

"Lakini si tuna SHA?" Sawa, SHA inasaidia na bili ya hospitali ukiwa umelipia. Haikulipi siku ulizokaa kitandani, wala haikupi kitu kwa kidole kilichokatika.

Tumsikilize kontrakta pia, kwa sababu ana hoja. Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021, ploti zimeendelea kujengwa, kutoka Lanet hadi njia ya Njoro. Kazi nyingi si za kampuni kubwa. Ni za kontrakta wa NCA8, daraja la chini kabisa, au fundi asiye na daraja lolote, mwenye pikapu ya zamani na mikisa ya kukodi. Mwenye ploti anaita watu watatu wampe bei, anachukua ya chini. Yule aliyeweka pesa ya bima kwenye bei yake amepoteza kazi kabla ya kuianza. Na watu wake hubadilika kila asubuhi, kwa hivyo anauliza: nikate bima ya nani?

Hilo la majina lina jibu. Bei ya bima ya aina hii kwa kawaida hutokana na makadirio ya jumla ya mishahara na hatari ya kazi, kwa hivyo mtu kubadilika si kikwazo kikubwa. Hoja ya bei ndiyo ngumu. Kumfungia kontrakta mmoja mwaminifu huku jirani yake akijenga bila chochote ni kumwadhibu kwa uaminifu wake.

Lakini angalia upande wa pili wa hesabu yake. Kukosa bima hakumfutii deni. Mtu akiumia, sheria bado inamtaka yeye alipe kutoka mfukoni. Sh300,000 kwa mtu mwenye pikapu moja ni mwisho wa biashara. Ndio maana wengi huzima simu. Si roho mbaya tu, ni kwamba pesa hiyo hawana. Kwa hivyo bima haimkingi hendimani peke yake. Inamkinga pia huyu kontrakta anayeikimbia.

Wenzetu Tanzania walichukua njia nyingine. Wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, ambapo mwajiri huchangia sehemu ndogo ya mishahara, asilimia 0.5 kwa sasa. Hakuna kuzunguka kwa makampuni ukitafuta bei. Huko pia vibarua wa siku ni wagumu kuwafikia, lakini mfuko mmoja ni rahisi kuuelewa kuliko vile sisi tunavyofanya, ambapo kila fundi anatumwa kujadiliana na ajenti wa bima peke yake.

Msimamo wangu ni huu: ndiyo, kontrakta mdogo awe na bima, lakini gharama iwekwe kwa mwenye jengo, tangu mwanzo, ikiwa mstari wake kwenye makadirio kama simiti na nyuma. Kwenye zabuni za serikali, bima ya wafanyakazi huwa ni sharti. Kaunti inapoidhinisha ramani ya ploti ya Kiamunyi, na NCA inaposajili mradi, waulize swali hilohilo: cheti cha bima kiko wapi? Ikiwa wote watatu waliotoa bei lazima wawe nacho, hakuna anayepoteza kazi kwa kufuata sheria.

Kabla hilo lifanyike, wewe unayesimama getini kesho asubuhi, shika haya. Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ili ibaki rekodi. Piga picha ya mahali ulipoumia na uchukue namba za mashahidi wawili. Yeye ana siku saba kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiporipoti, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya idara hiyo, na usipitishe miezi 12. Usianzie kortini: tarehe 3 Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi.

Yule jamaa wetu siku hizi anauza mitumba. Bado anachechemea kukiwa na baridi. Nilipomuuliza kama aliwahi kusikia kuhusu WIBA, aliniambia alisikia mara ya kwanza mwaka wa pili baada ya kuanguka. Muda ulikuwa umepita.