Shahada Isiyokuwa na Shabaha

Kumezuka katika zama zetu ugonjwa wa kupenda vyeo vya elimu bila ya kuipenda elimu yenyewe. Wala haukukomea Dar es Salaam; umekwisha fika hata Ngara na Biharamulo. Leo waalimu, waganga na maafisa wa halmashauri wanajiandikisha kwa shahada ya uzamili. Hilo ni jambo la kheri, na mwenye kulibeza ni mjinga. Lakini muulize mmoja wao: unasoma ili iwe nini? Atajibu: "Nipate shahada ya pili." Je, hilo ni jibu? Mtu anayepanda basi pale Nyakanazi huulizwa aendako, na hawezi kumwambia kondakta kwamba anakwenda kupata tiketi.

Watetezi watasema tunawaonea, kwani mtu wa Ngara yuko mbali na kila kitu. Tunaukubali ukweli huo nusu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, kwa ajili hasa ya yule asiyeweza kuacha kazi na nyumba yake. Kituo chake cha mkoa kiko Bukoba, na anayetoka Ngara kwa njia ya Lusahunga sharti apite Biharamulo na Muleba kwanza. Umbali ni mzigo. Lakini mzigo huo ulijulikana kabla ya kujiandikisha!

Ubaya mkubwa zaidi huonekana pale mwanafunzi anapochagua jambo la kutafiti. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka penye daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka kambi iliyotajwa ulimwengu mzima, hata Desemba 1996 walipotakiwa warudi kwao. Basi mwanafunzi wetu anaandika juu ya karatasi: "Athari za Wakimbizi Katika Mkoa wa Kagera." Athari zipi? Za kuni, za maji, za bei ya ndizi, za ndoa? Kwa nani, na mwaka gani? Jambo hilo lingewatosha wataalamu kumi kwa miaka kumi. Naye mwalimu mmoja, mwenye vipindi vyake na shamba lake la migomba, anataka kulimaliza jioni jioni kwa miaka miwili. Hilo si lengo, ni ndoto iliyopigwa chapa. Lau angeuliza: katika kijiji kimoja jirani na Benaco, ni nani aliyepanda miti pale palipokatwa kuni, na kwa nini alipanda? Hapo ana watu wa kuwahoji kwa Kihangaza bila ya mkalimani, ana mashamba ya kuyapima kwa miguu yake mwenyewe, na kazi yake ina mwisho. Mtafiti mgeni kutoka Uingereza hana utajiri huo, na angeulipia kwa fedha nyingi.

Mwenye swali la namna hiyo ndiye anayeweza kuhesabu siku. Atajua kwamba barua ya chuo ya kuombea ruhusa hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha hushuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na kila meza ina siku zake. Kwa hiyo ataianza mwezi wa Machi, ili Juni, shule zikifungwa na kiangazi kikiingia, awe tayari kijijini. Asiyekuwa na swali ataikumbuka Novemba, mvua zikinyesha na wakulima wako mashambani.

Na kuna jambo linalofichwa. Mke au mume huambiwa "nasoma", wala haambiwi mpaka lini. Ada inatoka katika fedha za mahindi, watoto wanangoja sare, mwaka wa nne unafika na tasnifu haipo. Huku ni kuwakopa watu wa nyumbani bila ya kuwatajia deni. Hapo ndipo anapojitokeza yule mwandishi wa kukodiwa, mwenye kompyuta yake, anayeuza tasnifu kama mtu auzavyo viatu vya mtumba. Na aliyechoka kutembea bila ya njia hununua.

Wala hatuwasamehe wasimamizi wanaokalia sura moja ya tasnifu kwa miezi mitano, wala waajiri wanaompandisha mtu daraja kwa kukitazama cheti bila ya kuuliza ndani yake mna nini. Halmashauri inayotoa ruhusa ya masomo na idai karatasi moja tu: swali ni lipi, kijiji ni kipi, mwezi wa kumaliza ni upi, na nakala ya kazi italetwa wilayani siku gani. Kwani wazee wetu walitoa michana yao mizima kujibu maswali ya watafiti. Tangu mwaka 1994 vijiji vingapi vya Ngara vimehojiwa, na vingapi vimeletewa nakala?