Kutamka Si Kuelewa: Diski Haitamfunza Kijana wa Olenguruone Kiingereza

Chukua mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Tatu pale Olenguruone, mpe ukurasa wa gazeti la Kiingereza asome kwa sauti. Atasoma. Atatamka poa, atapumzika penye koma, na mzazi aliyeketi kando atatabasamu akijua karo haikuenda bure. Sasa mwulize swali moja tu: huyu mwandishi anataka kusema nini? Hapo ndio utasikia kimya. Au atakurudishia sentensi ya kwanza ya aya vile ilivyo, neno kwa neno.

Hiyo ndiyo shida, na si ya Olenguruone pekee. Lakini naisemea huko kwa sababu nina binamu wanaosoma shule za kutwa upande ule wa Kuresoi Kusini, na kila likizo wananiletea karatasi za marudio. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo msinisome kama profesa. Msimamo wangu ni mmoja: wanafunzi hawa wanaanguka ufahamu kwa sababu tumewakataza kufikiria kwa lugha wanazozijua. Tunataka waelewe Kiingereza kwa Kiingereza ambacho bado hawana.

Tuanze na hesabu, maana watu hubishana bila kuangalia mtihani wenyewe. Karatasi ya Pili ya Kiingereza kwenye KCSE ina alama 80. Kifungu cha ufahamu ni alama 20. Dondoo kutoka kitabu teule ni alama 25. Shairi au fasihi simulizi, alama 20. Sarufi ni 15 pekee. Jumlisha: alama 65 kati ya 80 ni za kusoma kitu na kukielewa. Sasa pita madarasani wakati wa prepu uone vijana wanafanya nini. Wanakariri orodha za maneno makubwa makubwa na misemo ya kurembesha insha. Yaani nguvu zote zinaenda kwa urembo, na kuelewa kunaachiwa bahati.

Halafu maneno makubwa si ndiyo yanawaangusha. Ni yale madogo. Mpe mwanafunzi sentensi kama “The chief was anything but generous”, kisha umwulize chifu alikuwa mtu wa aina gani. Wengi watakwambia chifu alikuwa mkarimu, kwa sababu neno “generous” ndilo wanalijua na wamelikimbilia. Chifu wa watu alikuwa mchoyo! Au sentensi inayoanza na “hardly”. Kijana anajua “hard” ni ngumu, anaamua kwamba kitu kilifanyika kwa ugumu, na kuanzia hapo kifungu kizima kinampotea. “Unless”, “although”, “yet”, “however”: hivi ndivyo vibawaba vinavyogeuza maana, na hakuna anayevikariri kwa sababu vinaonekana rahisi.

Swali lenyewe pia lina mitego. Likisema ujibu kwa maneno yasiyozidi idadi fulani, au uandike kwa muhtasari wa vidokezo, mwenye haraka anaandika aya ndefu na kupoteza alama alizokuwa anastahili. Alijua jibu. Hakusoma agizo.

Wakenya tunapenda kudhani shida zetu ni zetu peke yetu, lakini angalia Uchina. Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, gaokao, huipa lugha ya kigeni alama 150, sawa na Kichina na sawa na hesabu, na kwa wengi lugha hiyo ni Kiingereza. Vijana wa huko hukariri maneno kwa maelfu, na bado walimu wao wana kilio kama chetu: mwanafunzi anajua neno mojamoja lakini maana ya aya inampita. Ila kuna tofauti kubwa. Kijana wa Chengdu akishindwa na ufahamu wa Kiingereza ameumia kwa somo moja. Fizikia anafanya kwa Kichina, historia kwa Kichina. Kijana wa Olenguruone akishindwa na ufahamu ameumia kila mahali, kwa sababu Biolojia ni Kiingereza, Kilimo ni Kiingereza, Biashara ni Kiingereza, hata ile hesabu ya maneno ni Kiingereza. Ukiondoa Kiswahili na masomo machache ya lugha, mtihani wake wote ni ufahamu wa Kiingereza uliovaa nguo tofauti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tangu 2023 mambo yamekuwa rahisi. Ni kweli upangaji wa gredi ulibadilishwa mwaka huo: sasa lugha moja tu ndiyo lazima ihesabiwe pamoja na hesabu, na inaweza kuwa Kiswahili. Mwenye alama mbaya za Kiingereza anaweza kuziacha nje. Sawa. Lakini huwezi kuacha nje Kiingereza kilichoandikwa ndani ya swali la Kemia.

Sasa, huu mtego ulianzia wapi? Sera ya nchi inasema mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo lake katika gredi tatu za kwanza, huku Kiingereza kikiwa somo. Kuanzia Gredi ya Nne, kila kitu kinageuka Kiingereza. Kwa karatasi inaonekana mpango safi. Lakini utafiti wa Usawa Agenda wa 2021 ulipata kwamba ni watoto wawili tu kati ya watano wa Gredi ya Nne walioweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi ya Tatu. Kwa hivyo wakati masomo yote yanahamia Kiingereza, zaidi ya nusu ya darasa hawajafika. Hawa watoto hawapotei. Wanapanda gredi kila mwaka, wanajifunza kutamka, kunakili na kukariri, na wanafika sekondari wakiwa mabingwa wa kuficha kwamba hawaelewi.

Na tunapowakuta hapo tunawafanyia nini? Tunaleta diski. Wengine wanaiita monto. Ukishikwa ukiongea Kikipsigis au hata Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, unapewa kijiti, unamtafuta mwenzako wa kumpasia, na wa mwisho kukipata jioni anaadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza aibu hii katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, akikumbuka shule za enzi ya mkoloni. Mkoloni alienda 1963. Kijiti kikabaki. Niambieni, wasee, diski inamfunza nani kuelewa? Inamfunza mtoto kunyamaza. Na anayenyamaza hawezi kuuliza “hii sentensi inamaanisha nini?”

Dawa ninayoipendekeza haihitaji pesa za World Bank. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Mwalimu atumie dakika tano za kwanza kuzungumzia mada kabla kifungu hakijafunguliwa, kwa lugha yoyote. Kama kifungu kinahusu treni za chini ya ardhi na darasa halijawahi kuona hata treni ya juu, wape picha kwanza. Dakika kumi, kila mtu asome kimya mpaka mwisho bila kuangalia maswali. Dakika kumi zingine, wawili wawili, mmoja amsimulie mwenzake alichosoma, kwa Kikipsigis, Kiswahili, Sheng, chochote. Ukishindwa kusimulia, hujaelewa, rudi usome. Dakika 15 za mwisho, majibu yaandikwe kwa Kiingereza, kwa maneno yako mwenyewe.

Hiyo hatua ya picha kwanza si mchezo. Kumbuka Blossoms of the Savannah cha H.R. ole Kulet, kilichotahiniwa miaka kadhaa kabla ya vitabu vya sasa. Familia inahama Nakuru kwenda Nasila, na mabinti wawili wanajikuta kati ya mila na masomo. Kwa kijana wa Olenguruone, ambapo Narok ni jirani na jina la kituo lenyewe ni la Kimaasai, yale mambo hayakuwa mageni. Alianza kusoma akiwa tayari na nusu ya maana kichwani. Ukimpa Fathers of Nations cha Paul B. Vitta, ambacho ni siasa za viongozi wa Afrika kwenye mkutano, lazima kwanza umjengee hiyo nusu. Asipojengewa, anakimbilia mwongozo wenye majibu tayari, anaukariri, na dondoo likija na swali geni anabaki ameduwaa.

Najua mzazi atasema: “KNEC haisahihishi Kikipsigis.” Kweli kabisa, na ndiyo maana jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Lugha ya nyumbani hapa ni kuni. Hakuna anayekula kuni, lakini jaribu kupika ugali bila moto.

Mwingine atasema darasa la Olenguruone si la kabila moja. Kuna Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu, Wakisii, na katika eneo lililoona mapigano ya 1992 na ya 2007 hakuna mtu anataka darasa ligawanywe kwa lugha. Hoja hiyo naiheshimu. Jibu lake ni Kiswahili. Pale ambapo wawili hawana lugha moja ya nyumbani, Kiswahili kinawatosha wote, na kina faida ya ziada: mwanafunzi anafanya ufahamu na ufupisho wa Kiswahili kila muhula. Kutafuta wazo kuu ni kazi ileile kwa lugha zote. Walimu wa Kiingereza na Kiswahili wakikaa meza moja wapange pamoja, watashangaa wanafundisha kitu kimoja kwa majina mawili.

Wa tatu ni mwalimu mwenyewe: “Nina wanafunzi zaidi ya 50, nitasahihisha saa ngapi?” Buda, simulizi ya wawili wawili haisahihishwi. Inasikilizwa. Wewe unazunguka tu darasani na utajua nani amepotea kabla hata hajashika kalamu.

Kitu cha mwisho ni cha kusoma chenyewe. Huwezi kuelewa lugha unayokutana nayo kwa mtihani pekee. Katiba ya 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti, lakini maktaba kubwa ya umma iko Nakuru mjini, na kutoka Olenguruone hiyo ni safari ya matatu kupitia Keringet na Molo. Mtoto wa mkulima wa waru na majani chai hatalipa nauli hiyo kila Jumamosi. Basi vitabu viende kwake. MCA anayejipiga picha akitoa hundi ya basari anaweza pia kutoa makasha ya vitabu vya hadithi vya kuzungushwa shule hadi shule. Na gazeti linaloletwa stafrumu lisiishie kuwashia jiko. Kesho yake lifike darasani.

Kwa nini nang'ang'ana hivi? Kwa sababu baada ya KCSE ufahamu hauishi. Makubaliano ya kuuza shamba huandikwa na wakili kwa Kiingereza. Masharti ya mkopo wa simu ni Kiingereza. Mkataba wa dada anayeenda kufanya kazi Saudia una kurasa za Kiingereza ambazo wakala anamharakisha aweke sahihi. Kijana aliyezoea kuokota neno analolijua na kuruka mengine atasoma “salary” na kufurahi, aruke “unless” iliyokaa mbele yake. Hapo hakuna alama za kupoteza. Kuna mshahara, kuna shamba, kuna mtu.

Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, na KCSE ya mwisho inatarajiwa 2027. Mfumo unabadilika jina na vitabu, lakini tukihamia huko na kijiti chetu mfukoni, tutakuwa tumebadilisha sare tu. Walimu wakuu wa Kuresoi Kusini hawahitaji kungoja waraka kutoka Jogoo House ili kuitupa diski.

Na wewe mwanafunzi uliyesoma mpaka hapa, jioni hii chukua kifungu kimoja cha karatasi ya zamani. Funika maswali. Soma mpaka mwisho, chora duara kwenye kila “but”, “unless” na “although”, kisha umsimulie mtu pale jikoni, hata kama ni kogo na hajui Kiingereza. Akikuuliza swali ukashindwa kulijibu, rudi kwa kifungu.