Ufugaji Bora: Panya wa Kulisha Chatu



Mwezi huu tunazungumza juu ya mfugo ambao wengi hucheka wakiusikia. Mfugo huo ni panya.

Utauliza, "Nani afuge panya? Si ndiye anayemaliza mahindi yetu ghalani?" Ni kweli. Lakini Usukuma kuna wachezaji ngoma wanaocheza na chatu. Bayeye wanajulikana tangu zamani kwa kazi ya nyoka. Katika sikukuu ya Bulabo, pale Bujora karibu na Mwanza, watu hujaa kutazama ngoma. Chatu anayeshangiliwa uwanjani anataka kula akirudi nyumbani.

Kwanza, sheria. Chatu ni mnyama wa porini. Usimfuge bila kibali. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya. Nyoka wenye sumu, kama swila na kifutu, hatuwasemi hapa.

USITEGE PANYA WA NYUMBANI

Watu wengine hutega panya ndani ya nyumba, kisha humpa chatu. Hilo ni kosa. Panya huyo huenda amekula sumu kwa jirani. Dawa nyingi za panya haziui mara moja. Panya hula leo, akafa baada ya siku kadhaa. Unamwona mzima, kumbe tumboni ana sumu. Chatu akimmeza, anaweza kudhurika.

Tena panya wa porini na wa nyumbani huleta magonjwa. Viroboto vyao hueneza tauni. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1980. Mwenye kukamata panya kwa mkono anajitafutia hatari, yeye na watoto wake.

Kwa hiyo fuga panya weupe wadogo, wale wanaofugwa katika maabara. Mwulize bwana mifugo mahali pa kuwapata.

SANDUKU

Panya hutafuna mbao na plastiki. Tumia sanduku la bati. Funika kwa wavu wa chuma. Matundu ya wavu yawe madogo kuliko unene wa penseli, maana panya mdogo hupenya tundu kama hilo. Weka kitu kizito juu ya mfuniko.

Ndani tandika nyasi kavu. Zibadilishe kila wiki. Weka sanduku kivulini, mbali na jiko na mbali na ghala. Paka asifike.

CHAKULA

Wape pumba, chenga za mahindi au mtama, na dagaa wakavu kidogo. Maji safi yawepo kila siku. Panya mkubwa mmoja hula gramu 4 hadi 5 kwa siku. Basi panya 10 hula kama nusu kilo kwa siku 10. Si gharama kubwa, lakini usiwape unga wa watoto wako. Chenga na pumba zinatosha.

HESABU YA UZAZI

Hapa ndipo penye kazi. Jike hubeba mimba siku 19 hadi 21. Mara nyingi huzaa watoto 6 hadi 10. Watoto hunyonya siku 21. Wakifika wiki 6 hivi, nao wanaweza kushika mimba. Jike akikaa na dume, anaweza kushika mimba tena siku moja tu baada ya kuzaa.

Tupige hesabu. Una chatu wadogo 3. Kila mmoja anakula panya 1 kwa wiki. Kwa wiki 4 unahitaji panya 12. Majike 2, kila mmoja akizaa watoto 7 kwa mwezi, ni panya 14. Basi dume 1 na majike 2 wanatosha. Usiongeze.

Wakitimiza wiki 4, tenga madume na majike. Usipotenga, utashindwa. Tuseme kati ya wale 14, majike ni 7. Kila mmoja akizaa watoto 7, una panya 49 wapya. Sanduku litajaa. Siku moja watatoka, na ghala la jirani ndilo litakalolia. Panya akiwa sandukuni ni wako. Akitoka, ni shida ya kijiji kizima.

KULISHA CHATU

Panya asizidi unene wa mwili wa chatu. Chatu mkubwa hatosheki na panya hawa. Mpe sungura au kuku.

Muue panya kwanza, haraka, bila kumtesa. Usimwache panya mzima usiku kucha na chatu asiye na njaa. Panya atamng'ata chatu, na kidonda kitaoza.

Chatu akishakula, msimguse siku 2 au 3. Akishikwashikwa atatapika. Kwa hiyo mkiwa na ngoma Jumamosi, msimlishe Ijumaa.

Baada ya kushika panya au chatu, nawa mikono kwa sabuni. Watoto wadogo wasishike sanduku. Kinyesi cha panya na nyasi chafu zifukie shimoni, mbali na kisima.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini panya aliyetegwa nyumbani hafai kwa chatu?
2. Ukiwa na chatu wadogo 6, unahitaji panya wangapi kwa wiki 4? Majike wangapi watatosha?
3. Jirani yako anafuga panya na mfuniko wa sanduku lake umetoboka. Mtamwambia nini?